Somo Wangu na Vidonge vya Kutuliza Moyo

Nina miaka thelathini na sita, mkulima wa mpunga huku Maparoni, mama wa binti mmoja. Mkitaka kunicheka, chekeni tu... nimeshazoea!

Mafuriko yalipozoa shamba letu, niliingiwa na hofu isiyotoka. Nikipanda dunguni, kile kichanja cha shambani, kuamia ndege wasile mpunga, kifua kinabana, mikono inatetemeka. Daktari wa Kibiti akanipa dawa, na siku za kwenda kuzungumza naye. Nikaanza kupata usingizi.

Ndipo akaja somo wangu, mwanamke aliyenifunda nilipovunja ungo. Siku hizi anauza vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo. Tumbo likitulia, alisema, na hofu huondoka. Dawa za hospitali nizitupe!

Nikauliza kama daktari anajua. Akanikazia macho.

"Mwali wangu, somo haulizwi."

Nyie mliochezwa unyago mnanielewa... Nani kati yetu aliwahi kumbishia somo wake? Nikazitupa dawa chooni, nikameza vidonge vyake.

Hofu ilirudi kwa kishindo. Asubuhi moja nilishuka dunguni nikakimbia, nikawaachia ndege mpunga! Binti yangu alinikuta nimejikunyata kwenye tope, nalia. Na somo je? Alimwambia mume wangu kwamba vidonge havina kosa, mimi ndiye mwenye mashetani, mtoto asiachwe mikononi mwangu. Mume wangu akampeleka binti yetu kwa mama mkwe wangu, Ikwiriri. Jamani! Aliyenifunda kuwa mama ndiye wa kuninyang'anya mwana?

Nililia mpaka nikakasirika. Hasira ile ndiyo iliyonifikisha Kibiti. Daktari hakunicheka. Alisema tumbo na akili vinahusiana kweli, na vidonge vile huenda vikamsaidia mtu, wataalamu bado wanachunguza. Ila dawa haiachwi ghafla bila kumwambia aliyekupa.

Nikaanza dawa upya. Msimu huu nimeamia ndege hadi tukavuna, kisha nikaenda mwenyewe Ikwiriri kumchukua mwanangu.

Sasa binti amevunja ungo. Somo akaja, mbele ya wanawake wote, akidai kumfunda yeye! Nikasimama.

"Shikamoo, somo. Mwanangu atafundwa na mtu anayekubali kuulizwa."

Dada zangu, chondechonde, msiache dawa kwa kumwonea mtu haya. Ulizeni! Akinuna, mwacheni anune. Wangu amenuna mpaka leo, na mimi nalala fofofo, mwanangu ubavuni.