Chuma Hakingoji Picha

Haroun alirudi nyumbani alasiri, akakaa kitako mlangoni na viatu vyake miguuni. Familia yake iliishi ghorofa ya saba, mtaa wa Dengfeng mjini Guangzhou, na lifti ilikuwa imeharibika tangu mwezi uliopita. Mkewe, Kauthar, alikuwa jikoni akikaanga visheti vya kuuza. Alimtazama mara moja tu, akajua.

"Kimeharibika tena?"

"Tena."

"Pole, Baba Zulekha."

"Nimechoka na pole, Kauthar. Nimechoka na chuma. Hata ngazi zimenichosha."

Haroun alitoka Unguja kuja kusomea chuma kinachotiwa ndani ya transfoma, zile zinazowekwa juu ya nguzo za umeme. Chuma hicho kikiwa kibaya, umeme mwingi hupotea bure kwa kugeuka joto. Kila kipande alichotengeneza Haroun kilikuwa kibaya. Mwalimu wake alikwisha kumwonya: amebakiwa na kipande kimoja tu, na kisipofaa, ufadhili utasimama. Ufadhili ukisimama, na viza basi, na wote watatu watarudi kwao mikono mitupu.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Kibet, Mkenya wa chumba cha pili, anayesoma chuo hichohicho na aliyemtangulia Haroun katika masomo hayo.

"Hodi, shemeji! Pua ndiyo imenileta."

"Karibu. Kula, kisha umsaidie mwenzako. Mimi maneno yameniishia."

Kibet akamgeukia Haroun. "Hebu niambie ulivyofanya, mwanzo mpaka mwisho."

"Nimetia chuma tanuruni mpaka kikawa cheupe kwa moto. Nikakitoa, nikakiweka chini. Nikavua glavu, nikapiga picha, nikaituma kwenye grupu la WeChat. Nikavaa glavu, nikakipitisha kwenye mashine ya kukibana."

"Ngoja kwanza. Picha ulipiga kabla ya kukibana?"

"Sote tunafanya hivyo. Laoshi anataka picha ya kila hatua."

Laoshi ndiye mwalimu. Katika grupu lile, asiyetuma picha huonekana hajafanya kazi. Wanafunzi wageni waliogopa jambo hilo kuliko moto wa tanuru.

"Na picha ikitoka na ukungu?"

"Napiga nyingine."

Kibet alishika kichwa. "Maze, Haroun! Chuma kinangoja mpaka umalize kupiga picha?"

Alimgeukia Kauthar. "Shemeji, shira ya visheti unaifanyaje?"

"Nachemsha sukari na maji mpaka iyeyuke yote. Nikishatia visheti nageuza harakaharaka, mpaka sukari igande nyeupe, laini kama unga."

"Ukiiacha ipoe yenyewe taratibu?"

"Inafanya mabonge. Haifai."

"Basi na chuma ni hivyohivyo. Ndani yake mna manganisi na salfa. Moto mkali unaviyeyusha, havionekani tena, kama sukari ndani ya maji. Chuma kikianza kupoa, vinaungana na kujitokeza kuwa chembe. Ukikibana upesi kingali moto, kisha ukakipoza upesi, chembe zinatoka nyingi, ndogo sana, zimetapakaa kila mahali. Ukikiacha kikae, zinatoka chache, halafu zinanenepa."

"Na zikinenepa kuna ubaya gani?" aliuliza Kauthar.

"Chuma chote ni punje zilizobanana, shemeji. Baadaye kinachomwa tena, na kila punje inataka kukua imeze jirani yake. Zile chembe ndogo ndizo zinazozizuia. Zikizuia vizuri, zinakuja kukua zile punje zilizoelekea upande tunaoutaka, na transfoma haipotezi umeme mwingi. Chembe zikiwa chache na nene, kila punje inakua inavyopenda. Ni vurugu tupu."

Miezi yote hiyo Haroun alikuwa amelaumu tanuru, akalaumu mashine, akalaumu na bahati yake. Simu hakuishuku hata siku moja. Alitaka kulia, lakini hata kulia kunataka nguvu.

"Nisipotuma picha, laoshi atasema sikufanya kazi," alisema mwishowe.

"Si umuulize?" alisema Kauthar. "Au unamwogopa yeye kuliko kurudi kwetu?"

Asubuhi Haroun alimuuliza. Laoshi alimtazama kwa mshangao.

"Nilisema nione picha," alijibu. "Sikusema msimamishe kazi."

Siku hiyo Kibet ndiye aliyeshika simu, akasimama mbali na moto. Haroun alikitoa chuma tanuruni, akakipitisha mashineni papo hapo. Kilipotoka tu, akakipoza kwa maji. Hakuvua glavu mpaka kazi ikaisha.

Kikafuata kuchomwa mara ya pili, na kusubiri, na kupimwa. Kauthar hakuuliza kitu siku zote hizo. Alikaanga visheti tu, akanyoosha nguo za Zulekha, akalitazama sanduku la safari juu ya kabati.

Alasiri moja alisikia hatua nzito ngazini. Haroun aliingia, akakaa kitako mlangoni na viatu vyake miguuni, akihema. Kauthar alitoka jikoni.

"Kimeharibika?"

Haroun alitikisa kichwa.

"Lifti tu," alisema. "Leo iliyoharibika ni lifti tu."

Kauthar alikaa chini kando yake, pale pale mlangoni, akalia.