Simu Iliyokatiza Muziki wa Mwalimu Tsvetan

Maiti ilikuwa imekaa kwenye kiti cha kufundishia, kodiani, kinanda cha kukunjua, bado mapajani, mkanda wa kinanda hicho umezungushwa shingoni mwake mara mbili. Mwalimu Tsvetan Kolarov alikuwa na miaka sitini na minane. Aliyemkuta, saa kumi na mbili u nusu jioni, ni bintiye Rada. Kwa kuwa asubuhi ile walikuwa wamegombana mtaa mzima ukasikia, Rada akawekwa mahabusu.

Kilichomponza ni muziki.

"Mpaka saa kumi na mbili Tsvetan alikuwa anafundisha," Bibi Stanka wa ghorofa ya chini alimwambia Inspekta Nevena Drumeva. "Kompyuta inapiga, inakatizwa, inarudishwa nyuma, inapiga tena. Ndivyo anavyowachosha wanafunzi wake. Hata Gancho alisikia, alikuwa hapahapa jikoni."

"Gancho ni nani?"

"Shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, Donka. Alikuja saa kumi na moja, mikono mitupu, akanimalizia kahawa. Sisi watu wa Gabrovo ndivyo tulivyo, mwanangu, ubahili ndio sifa yetu."

Baada ya saa kumi na mbili hakupanda mtu ngazi ila Rada. Kesi ilionekana imekwisha, mpaka daktari alipopiga simu kesho yake.

"Alikufa saa kumi. Ukinibana sana, kumi na moja kasorobo."

Haya, sasa nani alikuwa anakatiza muziki? Maiti?

Drumeva alimwita mtaalamu wa kompyuta. Kumbukumbu za mashine zilikuwa wazi: tangu saa kumi na moja na dakika kumi mpaka kumi na mbili, iliendeshwa kwa simu, kupitia bluetooth. Simu yenyewe mashine iliifahamu kwa miaka minne.

Rada aliletwa chumba cha mahojiano, macho yamemvimba.

"Baba yako alitumia simu kama rimoti?"

"Ana kodiani mapajani, atainuka mara ngapi? Alikuwa akibonyeza tu."

"Simu gani?"

"Mwanzoni ile ya zamani. Alipopata nyingine, ile akampa mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Gancho. Ninaye mmoja tu, Afande."

Bluetooth haifiki mbali, ila sakafu ya mbao haiizuii, na jiko la Bibi Stanka liko chini ya chumba cha mwalimu. Mtu anaweza kunywa kahawa kwa mkono mmoja na kubonyeza mfukoni kwa mwingine.

Muuaji wa mji mwingine angeitupa simu ile mtoni Yantra. Wa kwetu hatupi kitu kizima. Drumeva aliikuta dirishani jikoni kwa Gancho, ikihesabu dakika za maharage.

"Ina kengele nzuri," mkewe alieleza.

Namba ya utambulisho ililingana. Gancho hakubisha.

"Donka alirekodiwa nyimbo thelathini na moja kabla hajafa," alisema. "Zote kwenye kompyuta ile. Nilikwenda kuomba nakala. Tsvetan akaniambia amezifuta. Alitaka nafasi ya masomo mapya."

"Hivyo tu?"

"Nikamuuliza, kwa nini hukununua diski nyingine? Akasema ya nini, wakati hii bado nzima. Akaendelea kufunga mkanda wa kodiani. Sauti ya dada yangu, Afande. Nikaushika ule mkanda."

"Na mpwa wako? Binti wa dada yako huyohuyo analala mahabusu siku ya pili."

"Ningesema."

"Lini?"

Drumeva alimsukumia karatasi ya maelezo, naye Gancho akatia saini.

"Kilichofutwa hakipotei mara moja," inspekta alisema, akikusanya karatasi. "Mtaalamu amezirudisha leo kabla ya chakula cha mchana. Zote thelathini na moja."

Gancho aliiweka kalamu chini.

"Rada amezisikia?"

"Nilimpa. Amekataa kuzisikiliza."