Nilijaza Chupa ya Mume Wangu

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Ni mjane, mama wa mabinti watatu, na ninaishi kwenye kihamba, shamba la ukoo la marehemu mume wangu, kule juu ambako barabara ya gari inaishia. Elimu yangu ni darasa la nne. Kwa hiyo mnisamehe nikikosea kuandika.

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mmeeleza kwenye ukurasa huu jinsi mlivyotendwa. Mimi sikutendwa na mtu. Mimi ndiye niliyetenda…

Mume wangu aliitwa Aminieli. Alikuwa mtu wa kahawa na wa kanisa, mpole, mcheshi kidogo akishapata pombe ya mbege. Mwaka aliofariki, askari wetu walikuwa wamerudi kutoka Uganda, na madukani hakukuwa na kitu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni. Hata dawa ya kahawa, ule mrututu wa rangi ya buluu, ilibidi uwahi ushirika alfajiri ili upate.

Siku moja Aminieli alipulizia kahawa tangu asubuhi. Jua lilipokuwa kali akaenda kwenye mfereji kunywa maji. Akayachota kwa kopo alilokuwa nalo mkononi. Lilikuwa kopo lile lile alilopimia mrututu, na ndani yake, chini, dawa ilikuwa imeganda unene wa kidole!

Alitapika matapishi ya buluu. Tulimpa maziwa, akapata nafuu, akanitania kwamba sasa ugonjwa wa kutu ya majani ya kahawa hautamsumbua yeye milele. Tukacheka wote. Siku ya pili akakojoa mkojo mweusi kama kahawa yenyewe. Siku ya tatu hakukojoa kabisa.

Tulimshusha Moshi kwa pikapu ya jirani, tukampeleka hospitali. Daktari aliyempokea alikuwa kijana, mpole, na alikuwa na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi. Alitueleza kwamba figo za Aminieli zimefunga, na kwamba mtu ambaye figo zake zimefunga hujaa sumu ya mwili wake mwenyewe. Mashine za kusafisha damu ziko Ulaya, alisema, lakini yeye ana njia nyingine. Angemtoboa chini ya kitovu, apitishe mpira, amimine maji yenye dawa tumboni, yakae, kisha yatoke na ile sumu.

Alisema pia kwamba anafanya utafiti. Kila mgonjwa mahututi ambaye figo zimefunga anamwandika kitabuni: amekojoa kiasi gani kila siku, ametobolewa au ameachwa, amepona au amekufa. Mama mkwe wangu akamuuliza, je, mtu akitobolewa anapona?

"Wengine wanapona, Mama, wengine hawaponi," daktari alijibu. "Ndiyo maana ninaandika. Nataka kujua nani nimtoboe na nani nimsubiri."

Alisema kweli, na ile kweli ndiyo iliyotutisha! Mama mkwe alikuwa na mtoto mwingine kabla ya Aminieli, aliyepasuliwa tumbo hospitali akarudi kwenye sanduku. Alinivuta hadi barazani akanong'ona kwa Kichagga kwamba huyu daktari hajui, anajifunzia kwa mwanawe.

Lakini Aminieli mwenyewe alikubali. Alitia sahihi kwa mkono uliovimba. Aliniambia, "Mama Aika, hata nikifa, wataandika kitu kitakachomfaa mwingine."

Nakumbuka maneno hayo kila siku ya Mungu.

Muuguzi wa wodi ile aliitwa Sista Felista. Walikuwa wachache, wagonjwa wengi, wengine wamelala chini. Alipojua kwamba ninasoma na kuandika, alinikabidhi chupa ya kioo yenye mistari, akanifundisha. Kila kinachotoka kwa Aminieli kiingie humo. Asubuhi na jioni yeye angekuja kusoma mstari na kuandika.

"Kila tone, Mama Aika. Likimwagika hata tone, uniambie. Nakuamini wewe kuliko hawa wanafunzi wangu."

Aliniamini…

Vilevile alikataza ndizi. Mtori, machalari, hata kipande! Alisema ndizi zina kitu ambacho figo zikifunga hakitoki, na kikizidi kinasimamisha moyo. Mama mkwe aliguna. Mchagga akatazwe ndizi akiwa mgonjwa, sasa atapona kwa kula nini?

Siku tatu chupa ilikaa tupu. Uso wa Aminieli ulivimba mpaka macho yakawa mistari. Fahamu zilikuja na kuondoka. Maabara haikuwa na dawa ya kupimia damu, ilikuwa imekwisha kama kila kitu mwaka ule, kwa hiyo daktari hakuwa na kingine cha kutazama ila ile chupa. Akatuambia atasubiri siku mbili tu. Mkojo ukianza kutoka, hatamtoboa. Usipotoka, mpira utaingia.

Mama mkwe alianza kulia. Alipiga magoti mbele yangu. Mama mzima, ananipigia magoti mimi! Akanisihi nifanye lolote, mwanawe asitobolewe.

Hakuniambia cha kufanya. Sitaki mumdhanie vibaya, yule mama ameshalala kaburini. Wazo lilikuwa langu.

Mchana, watu wakipumzika, nilichukua chupa chooni nikaweka mkojo wangu. Niliuona mweupe mno. Nikarudi kwenye birika ya chai ya rangi, nikatia kidogo, nikatikisa. Ukafanana na wa mgonjwa.

Jioni Sista Felista alishika chupa akapiga kelele ya furaha. Alimwita daktari, daktari akaja mbio na kitabu chake. "Zimeamka!" alisema, na macho yake yakajaa machozi. Akaandika pale pale.

Aminieli alifumbua macho akaniuliza, "Nimekojoa saa ngapi?"

Nikamjibu, "Ulikuwa umelala, Baba Aika."

Akatabasamu. Akaniamini na yeye!

Kesho yake nikajaza tena, zaidi. Keshokutwa zaidi. Mtaniuliza, je, sikuona kwamba mtu anazidi kuvimba? Niliona. Lakini kila nilipotaka kusema, niliona uso wa Sista ukicheka, na mama mkwe akimshukuru Mungu kwa sauti wodini, na ule mpira kwenye sinia… Nikajiambia nijaze leo tu. Kesho atakojoa mwenyewe.

Siku ya sita daktari alisema mpira hauhitajiki tena. Tena akaruhusu mgonjwa ale kidogo anachopenda. Mama mkwe hakutembea, alikimbia! Alirudi na chombo cha mtori wa nyama, bado una moto.

Nilimlisha mwenyewe. Kijiko baada ya kijiko. Nilijua chupa ni ya uongo, nilijua ndizi imekatazwa, na mkono wangu ukaendelea kwenda na kurudi. Je, hiyo ni akili ya namna gani? Aminieli alimaliza, akasema, "Sasa nimekula chakula."

Asubuhi yake, Sista akiwa anatandika kitanda cha jirani, Aminieli alishtuka mara moja kama mtu aliyeitwa. Moyo ulisimama. Daktari alimkandamiza kifua hadi jasho likamdondokea marehemu usoni. Alikuwa akirudia, "Lakini zilikuwa zimeamka… zilikuwa zimeamka…"

Tulimzika kihambani, kati ya migomba. Kaburini mama mkwe alimlaani Sista Felista kwa jina, mbele ya mchungaji na ukoo mzima. Alisema yule dada amepima ovyo, amemdanganya daktari, amemuua mwanawe. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nimenyolewa kichwa, nimeinama. Watu walidhani ni majonzi.

Wazee wa ukoo waliteremka hospitali kulalamika. Tuliitwa kwenye chumba kimoja, Sista akiwa amekaa kando na mikono mapajani. Mkubwa mmoja wa hospitali aliniuliza, "Mama, nani alikuwa anapima mkojo?"

Nikasema, "Sista ndiye alikuwa anasoma na kuandika."

Si uongo, mnaona? Kila neno lilikuwa kweli! Sista alinitazama. Alingoja. Mimi nikatazama sakafu. Baada ya wiki chache nilisikia ameondolewa, amepelekwa kwenye zahanati ndogo Sanya Juu.

Miaka minne ikapita. Nilikuwa nauza ndizi katika soko la Sanya Juu, na siku moja kichwa kikaniuma sana, nikaenda zahanati kutafuta vidonge. Aliyekuwa dirishani alikuwa yeye. Amekonda, amepata mvi. Alinitambua kabla sijaondoa kitenge kichwani.

Nilianguka chini pale pale. Nikamweleza yote, mbele ya wagonjwa kwenye benchi. Nilitegemea ashangae. Hakushangaa hata kidogo.

"Nilijua," alisema. "Siku aliyokufa nilikwenda kuosha chupa. Chini kulikuwa na jani la chai."

Nikamuuliza kwa nini hakusema kwenye kile chumba.

"Nilikuwa nimeandika bila kutazama vizuri, kwa sababu nilikuamini. Hilo kosa langu, nikalibeba. La kwako nilingoja ulibebe mwenyewe. Nimengoja miaka minne, Mama Aika."

Kisha akaniambia jambo ambalo ningeomba asingeniambia. Baada yetu aliletwa mama mmoja wa kutoka Kahe, aliyemwaga damu nyingi wakati wa kujifungua, na figo zikafunga. Siku ya tano mkojo wake ulianza kutoka, mkojo wa kweli! Sista alikuwa bado hajahamishwa, akamsihi daktari amsubiri. Lakini daktari alifungua kitabu chake, akamwonyesha jina la Aminieli. "Huyu mkojo ulirudi, tukamsubiri, akafa," alisema. "Sitasubiri tena." Akamtoboa. Tumbo likaingia usaha, na yule mama akafa akiwa ameacha kichanga.

"Kwa hiyo usifikiri ulijaza chupa ya mumeo tu," Sista alisema.

Nikamwomba msamaha huku nimeshika miguu yake.

"Niachie miguu," alisema. "Mimi siyo mchungaji. Unataka vidonge vya kichwa au hutaki?" Akanihesabia vidonge vinne, akavifunga kwenye karatasi, akamwita mtu aliyefuata.

Nilikwenda Moshi kumtafuta daktari, nimwambie arekebishe kitabu. Alikuwa ameondoka zamani, amekwenda nchi nyingine, na kitabu amekwenda nacho. Hakuna aliyejua anwani. Mahali fulani duniani, Aminieli bado ameandikwa kuwa mtu aliyekojoa. Na yeye alitaka aandikwe ili amfae mwingine!

Wasomaji wenzangu, wengi wenu mtauguza. Mkiulizwa mgonjwa amekula nini, amekunywa nini, ametoa nini, semeni kweli hata kama ni aibu. Kama mnaogopa kisu au mpira, semeni mnaogopa. Ningesema neno moja tu, "naogopa", Sista Felista angekaa nami kitandani akanishika mkono. Nalijua hilo sasa. Msifiche kama nilivyoficha mimi! Daktari hatibu uso wako unaocheka. Anatibu kile ulichomwonyesha.

Na kwa kuwa kitabu kile sitakiona tena, nakirekebisha hapa, mbele yenu.

Aminieli, mkulima wa kahawa, alikunywa mrututu kwa bahati mbaya. Siku ya nne wodini hakukojoa. Siku ya tano hakukojoa. Siku ya sita hakukojoa, akalishwa mtori. Siku ya saba asubuhi alifariki.

Aliyepima ni mkewe.