Kaa la Moto Juu ya Kigae

Kila asubuhi, kabla hata chai haijachemka, Mama Mdogo alikuwa ameshagombana na watu wasiokuwepo.

"Binti, huwezi kusema 'saa mbili,'" aliiambia karatasi. "Saa umeipata wapi wewe? Sema jua limefika juu ya paa."

Chiriku alikuwa akifunga viatu vya shule huku akicheka. Alikuwa darasa la sita, na jina hilo alilipata kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Mama Mdogo, aliyemlea, alikuwa mwandishi wa hadithi za watoto wa zamani. Meza yake ilijaa vipande vya vyungu, kalamu za matete na vitabu vikubwa alivyoazima maktaba. Juzi tu alifuta neno 'nyanya' kwenye hadithi ya jiko la kale, kisa hakuwa na hakika kama nyanya zilikuwa zimeshafika huko wakati huo. Wanafunzi walimwita Bibi Zamani, naye alilipenda jina hilo kuliko lake.

Alikuwa na sheria moja: mkono kwanza, kalamu baadaye. Kama mtoto wa kitabuni amesuka kamba, basi Mama Mdogo naye alisuka, hata vidole viote malengelenge. Goti lake lilipoanza kumsumbua, majaribio ya kutembea alimwachia Chiriku.

Katika kitabu kipya, moto wa nyumbani umezimika na mama wa binti ana homa kali. Binti anatumwa kwa jirani kuomba moto, naye anarudi na kaa moja juu ya kigae cha chungu. Je, kaa hilo litafika likiwa hai?

"Nenda kwa muuza chai pale mwisho wa mtaa," Mama Mdogo alikuwa amemwambia wiki iliyopita. "Omba kaa moja, uje nalo taratibu."

"Mimi nikishindwa, nani ataweza?" Chiriku alijigamba.

Lakini kaa halikujua majigambo. Lilizimika kabla hajafika nusu ya njia. Alipuliza mpaka jivu likamwingia machoni, wapi! Hapo akamwona dobi wa jirani, pasi yake ya mkaa ikitoa moshi langoni. Alimwomba kaa jingine, dobi akampa bila maswali, na Chiriku akaingia nyumbani kifua mbele.

"Limefika!"

Mama Mdogo alimkumbatia, akakaa mezani, akaandika sura ya tatu yote kwa mkao mmoja. Chiriku alifurahi, ila habari ya dobi hakuitaja.

Asubuhi hii sasa, Mama Mdogo alimtazama akifunga kamba ya kiatu cha pili. "Unakumbuka leo nakuja darasani kwenu? Nitawasomea sura ya tatu, halafu tutalijaribu lile kaa mbele ya wote. Kesho kitabu kinakwenda kwa mchapishaji."

Kamba ya kiatu ilimponyoka Chiriku mkononi.

Darasani, Mama Mdogo alisoma vizuri mpaka nzi wakatulia. Alipomaliza, mvulana waliyemwita Profesa kwa wingi wa maswali yake akanyoosha mkono.

"Bibi Zamani, una uhakika kaa moja linaweza kwenda mbali hivyo?"

"Mimi siandiki kitu ambacho hakijajaribiwa," alijibu Mama Mdogo, akitabasamu. "Aliyejaribu ni mwenzenu huyo hapo. Chiriku, tuonyeshe."

Walitoka uwanjani. Mwalimu wa darasa alisimama na ndoo ya maji tayari, maana alikuwa mtu wa kujihadhari hata na kibatari kilichozimwa. Chiriku alipewa kaa moja jekundu juu ya kigae, alizunguke jengo lote la shule na kurudi. Alitembea polepole. Mwenda pole hajikwai, lakini kaa nalo lilikuwa na mambo yake. Nyuma ya jengo, karibu na jiko la shule, wekundu ulififia, likabaki jeusi lenye ukungu wa jivu.

Mpishi alichungulia dirishani. "Limekufia? Njoo uchague jingine hapa, mwanangu. Nani atajua?"

Chiriku alisimama. Makaa ya jikoni yaling'aa, na hakuna aliyemwona zaidi ya mpishi. Angechukua moja tu, angepigiwa makofi. Kisha akazikumbuka zile nyanya. Mama Mdogo alikuwa amezifuta kwa kukosa uhakika tu, na hakuna msomaji ambaye angekuja kumuuliza. Mtu kama huyo alikuwa amemwamini yeye bila kuuliza mara mbili, na kesho angeupeleka uongo wake kwa mchapishaji.

"Asante, Mama," alimwambia mpishi. "Nitarudi na hili hili."

Alitokea upande wa pili wa jengo na kaa lake jeusi.

"Limezimika," alisema. "Na wiki iliyopita lilizimika pia. Lile nililoleta nyumbani nilipewa na dobi. Nisamehe, Mama Mdogo."

Alitamani ardhi ipasuke immeze. Mama Mdogo alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Kwa hiyo sura yangu ya tatu ni uongo."

"Ndiyo. Ni uongo wangu."

"Na jina litakaloandikwa juu ya kitabu ni langu." Akawageukia wanafunzi. "Haya, kazi ipo. Yule binti mama yake anaumwa. Moto utafikaje?"

Uwanja ukalipuka kwa mawazo. Profesa alitaka makaa mengi. Yakapelekwa matatu, yakarudi yamechoka. Mwingine akataka yafunikwe kwa jani bichi. Likatoa moshi, watu wakakohoa. Ndipo msichana mmoja mpole akasema kwamba bibi yake hufukia makaa jivuni usiku na asubuhi huyakuta hai. Wakajaza jivu kwenye kipande kirefu cha chungu, wakazika makaa humo. Chiriku aliomba abebe tena. Alizunguka jengo, akarudi, akafukua kwa kijiti. Ndani ya jivu, makaa yaliwaangalia mekundu.

Makofi yalipopigwa, mwalimu alisahau ndoo yake akaipiga teke, na jaribio likaisha kwa viatu kulowa.

Jioni Mama Mdogo aliichana sura ya tatu. Chiriku aliposikia karatasi ikipasuka, machozi yalimtoka.

"Njoo ukae," Mama Mdogo alimwita. "Sasa binti kaa lake la kwanza litamzimikia. Atarudi kwa jirani, aseme 'limenizimikia,' aombe tena. Hiyo ni sura nzuri kuliko ile ya kwanza."

"Hujakasirika?"

"Nimekasirika, tena sana. Njia ya mwongo ni fupi, na hii ingeishia mlangoni kwa mchapishaji wangu. Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi nilikutuma ukaone kama kaa litafika. Sikukutuma ulifikishe. Kaa kuzimika halikuwa kosa lako. Kosa lilikuwa kulificha. Anayesema 'nimeshindwa' hutusaidia kutafuta njia. Anayeficha hutuacha wote gizani."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa likizo.

Mchapishaji alikubali kungoja. Wiki iliyofuata Chiriku alitumwa kisimani kujaribu kama mtungi waweza kuzibwa ufa kwa nta ya nyuki. Alirudi mbio, gauni limelowa mpaka magotini, akipaza sauti tangu langoni.

"Mama Mdogo! Imeshindikana! Unavuja wote!"

"Vizuri sana!" Mama Mdogo alijibu kutoka ndani, akivuta karatasi mpya. "Njoo unieleze ulianzia kuvuja wapi."