Vinara Vilivyosuguliwa

"Hiyo usinunue, dada yangu. Itang'aa kama jino la bandia."

Kitinda aligeuka, kopo la rangi ya dhahabu mkononi. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefurika: mafundi bomba wanagombania viungio, mama mmoja anabishania bei ya bawaba, na huko nyuma mashine ya kukatia mbao inalia kama imeonewa. Aliyesema ni mwanamume mrefu, ovaroli lake lilikuwa bluu zamani na sasa lina madoa ya kila rangi. Hata unyusi wake mmoja ulikuwa na tone la shaba.

"Kwanza, mimi si dada yako," Kitinda akasema. "Pili, nafanya kazi mapokezi kwa daktari wa meno. Meno ya bandia usiyatukane mbele yangu."

"Lahaula! Nimeingia choo cha kike." Akacheka, akajishika kifua. "Nisamehe. Lakini rangi hiyo bado ni mbaya. Unataka kupaka nini?"

"Fremu ya kioo cha sebuleni. Ya mama. Imebabuka, anataka ing'ae kama siku iliponunuliwa."

"Ilinunuliwa lini?"

"Kabla sijazaliwa."

"Basi mwache bibi wa watu azeeke kwa heshima. Unampaka wanja na rangi ya mdomo wa nini?" Akachukua kopo jingine rafuni, jeusi. "Anza na hii. Ikikauka, unachovya sifongo kwenye rangi ya shaba, unaikamua mpaka ibaki kama haina kitu, unagusagusa juu juu. Kwenye mikunjo unaacha weusi, na ukijani kidogo. Plasta inageuka shaba ya miaka mia. Mimi ndiyo kazi yangu. Watu wananiletea vitu walivyovionea haya, wanaondoka navyo kama wamerithi."

Kitinda alikuwa na gauni la rangi ya udongo lililombana kiunoni, nywele kazifunga nyuma. Sura yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuwaambia watu "subiri kidogo, daktari anakuja". Alitaka kujibu la maana, simu ikalia.

"Umefika?" sauti ikauliza.

"Nimefika, Mama. Nipo dukani."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Unarudi saa ngapi?"

"Sasa hivi, Mama."

Akakata. Fundi alikuwa anamtazama, tabasamu limepungua kidogo.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Thelathini na nne. Na hilo si swali la kumuuliza mwanamke mbele ya misumari."

Wakacheka wote wawili. Yule mama wa bawaba naye akacheka, ingawa hakuna aliyemwalika. Kitinda alitoka na kopo jeusi, na namba ya simu imeandikwa kwa penseli ya seremala juu ya kifuniko.

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyefunga tumbo la mama yake. Kaka zake na dada yake walishatawanyika, kila mmoja na mji wake. Wakipiga simu walisema neno moja tu: "Wewe ndiye nguzo ya mama." Maneno matamu hayo, wacha yaitwe matamu. Ila nguzo umeiona wapi ikitembea?

Sebule ilikuwa vilevile tangu baba yao afariki. Saa ya ukutani yenye jua la plastiki. Malaika wawili wa plasta wameshikilia kioo. Makochi yamevalishwa vitambaa, vitambaa vimevalishwa nailoni. Mlango ulikuwa na makomeo matatu, na Mama aliyafunga mwenyewe kila jioni, moja, mbili, tatu, kila moja na mlio wake. Kitinda alikuwa akilala kwenye kitanda chake cha shule, miguu imekunjwa. Jioni nyingine aliisikia milio ile akahisi hewa imepungua chumbani, akainuka kufungua dirisha, akakuta tayari liko wazi.

Kitinda aliipiga ile namba, na Jumamosi Fundi akaja kupaka fremu ya kile kioo. Mama alikaa kwenye kochi, kanga begani, akamsimamia kama mwalimu wa mtihani. Malaika walipogeuka shaba nzito, weusi umelala kwenye mikunjo ya mabawa, Mama aliruka.

"Yarabi! Kimeshaota kutu! Kitinda, niletee ndimu na majivu!"

Mtaa mzima ulijua shaba za Mama. Sinia lake na birika lake alivisugua kwa ndimu na majivu mpaka ungeweza kuchania nywele humo.

"Mama yangu," Fundi akasema huku akicheka, "ndimu utasugua mpaka wajukuu waoe. Hii si shaba, ni rangi. Rangi hii inaogopa thina peke yake, ile dawa ya kuiyeyushia."

"Thina," Mama akarudia polepole. Kisha akasogea, akakitazama kioo kushoto na kulia. "Kumbe. Basi kinapendeza."

Kuanzia hapo, yaliyofuata mnayajua. Kitinda alipokea simu za wagonjwa huku anamsubiri asiyeumwa jino.

"Daktari wa meno, habari za asubuhi."

"Nina maumivu, dada."

"Ya wapi?"

"Hapa kushoto, chini ya shati."

"Huko hatung'oi, kaka. Jaribu hospitali kubwa."

"Dhahabu wangu, una roho ngumu!"

Alimwita Dhahabu kwa ajili ya lile kopo. Mchana walikutana kwenye ngazi za nyuma za kliniki, Fundi na ovaroli lake, Kitinda na sare yake nyeupe, wakila mkate mmoja. Na kila mchana, katikati ya maneno matamu, simu ililia. Umefika? Umekula? Unarudi saa ngapi? Fundi alianza kuyajibu yeye kwa midomo bila sauti, na Kitinda alicheka. Siku moja hakucheka.

"Nikimwacha atakaa na nani?" akauliza.

"Nani kasema umwache? Nimesema nikuoe."

Ndivyo alivyochumbiwa, juu ya ngazi, mdomo umejaa mkate.

Wakapanga. Nyumba ya wageni iliyokuwa inafunguliwa karibu na stendi ilikuwa inatafuta fundi wa kuipamba yote, vyumba, korido na ukumbi. Mwenye nyumba aliagiza sampuli: vinara vya mbao, fremu, na miguu ya taa. Akiridhika, Fundi ana kazi ya kudumu na chumba cha kufanyia. "Siku nikikabidhi tu," akasema, "natoka pale moja kwa moja kwa Mama, nimevaa suruali safi, nazungumza kama mtu mzima."

Lakini kibanda chake kilikuwa kinavuja, na mvua zilikuwa hazina adabu. Rangi ilihitaji siku mbili pakavu. Kitinda akamwomba Mama chumba cha uani.

"Alete," Mama akasema. "Vyumba si viko tele? Ndiye huyo anayetaka kukuoa?"

Kitinda akainama. "Ndiye, Mama."

"Basi alete."

Siku ya kukabidhi, Kitinda aliomba ruhusa kazini, akavaa gauni jipya la kijani, wakaingia uani na Fundi wakisukumana kama watoto. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Vinara alivyovipaka Fundi vilikuwa vimepangwa kwenye gazeti, vyeupe, mbao tupu. Fremu zimebaki plasta. Hapakuwa na shaba hata ya kupaka ukucha.

Mama alitoka jikoni anapangusa mikono iliyobabuka kwenye kanga.

"Mmefika? Jamani, kijana, vyombo vyako vilikuwa vichafu! Nimesugua tangu asubuhi. Nikasema nisikuache uaibike kwa watu."

Fundi aliokota kinara kimoja, akakinusa, akakirudisha. Kitinda akamvuta hadi nje ya geti.

"Nisamehe. Ni mzee, ameona weusi akadhani uchafu..."

"Mama yako alijua."

"Alijua nini?"

"Alijua anachofanya, Dhahabu. Hataki uondoke."

Kitinda alihisi damu inampanda kichwani. "Usimtaje mama yangu! Mwanamke amejiunguza mikono kukusaidia, wewe unamwita mchawi?"

"Sijasema mchawi."

"Umesema!"

"Nimesema anakufungia, na wewe ndiye unayemshikia taa ayaone makomeo." Akarudi uani, akajaza vinara guniani, akatoka. "Haya. Kaa naye humo."

Akaondoka na gunia lake la mbao tupu. Ile kazi akapewa fundi mwingine.

Kitinda aliingia ndani, na nyuma yake akasikia moja, mbili, tatu.

Wiki zilizofuata zilikuwa ndefu, hata mimi nikizisimulia nachoka. Alikwenda kazini, alirudi. Simu ya mchana iliita, akajibu. Jioni alimpaka Mama mafuta mikononi, maana vidole vilikuwa vimebabuka na ngozi inatoka, na kila alipopaka Mama alilia kidogo, akasema ni vitunguu. "Pole, Mama," alisema. Na moyoni alimlaani Fundi, halafu akamkumbuka, halafu akajilaani mwenyewe. Usiku alikunja miguu. Kwenye kioo cha malaika alijiona amesimama katikati ya sebule kama kitu kilichonunuliwa pamoja na makochi.

Siku moja beseni la jikoni liliziba. Kitinda akapiga magoti, akafungua kabati la chini kutafuta fimbo ya kuzibulia. Nyuma ya ndoo, mkono wake ukagusa kopo. Akalivuta. Lilikuwa kopo la thina, kubwa, tupu, na ndani ya mfuko uliofungwa fundo palikuwa na matambara yenye madoa ya shaba.

Alikaa pale chini, sakafu inampoza. Anayedhani kinara ni shaba chafu huchukua ndimu na majivu. Mama huyu hakuwahi kusugua shaba kwa kitu kingine maisha yake yote. Thina hununua anayejua kwamba ni rangi.

Mama alikuwa sebuleni anakunja nguo. Kitinda akaliweka kopo juu ya meza, mbele yake.

Mama alilitazama. Akaendelea kukunja shuka, ncha kwa ncha, mpaka ikawa ndogo haikunjiki tena.

"Ulikwenda kulinunua," Kitinda akasema.

"Nilikwenda."

"Mwenyewe? Wewe ambaye dukani huendi bila mimi?"

"Nilikwenda kwa miguu."

"Mama! Nimekupaka mafuta mikono hiyo! Kila siku nimekupaka, nikakuonea huruma!"

"Na kila ulipopaka iliniwasha zaidi," Mama akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta. "Ningekuomba ubaki ungebaki, nakujua. Ungebaki unanitazama kwa jicho baya. Nikasema afadhali yule akasirike aondoke, wewe usijue. Nikiisikia saa ile ukutani nikiwa peke yangu, mwanangu, naogopa. Basi. Mtu mzima mimi, naogopa saa."

Kitinda alikuwa na hasira ya kuvunja vioo. Tena alikuwa na huruma, na viwili hivyo havikupatana. Akaenda mlangoni. Akafungua komeo la kwanza, la pili, la tatu. Aligundua kwamba miaka yote makomeo yale yamefungwa kwa ndani, usawa wa kiuno chake, na hakuna hata moja lenye kufuli.

"Unakwenda wapi?" Mama akauliza.

Akatoka.

Kibanda cha Fundi kilikuwa na harufu ya rangi na mbao mbichi. Alikuwa anapaka fremu ya mtu, sifongo mkononi, amekonda. Alipomwona hakuinuka.

"Daktari wa meno kafunga leo?"

"Alijua," Kitinda akasema. "Nimelikuta kopo. Ulisema kweli, nikakutukana. Nimekuja kuomba radhi, sijaja kudai kitu."

Fundi akaweka sifongo chini. "Nilinusa thina kwenye mbao. Ningekwambia nilichonusa, lakini ulikuwa umeshawaka, na mimi nimeshawaka. Hasira hasara." Akajifuta mikono kwenye ovaroli, akazidi kulichafua. "Sasa umekuja kuomba radhi, halafu unarudi ndani?"

"Sijui. Nimefungua mlango, sijafika mbele zaidi ya hapo."

Simu ikalia. Wote wawili wakaitazama.

"Mama," Kitinda akasema.

"Umefika?"

"Nimefika."

Kisha Mama akasema, "Mpe simu huyo kijana."

Fundi akaipokea kwa vidole viwili kama itamuunguza. Kitinda alisikia sauti ya mama yake, nyembamba, inatoka sikioni mwa mwingine.

"Baba, nilijua ni rangi. Nilikuharibia kazi kwa makusudi, na siwezi kuirudisha. Nisamehe ukiweza. Ukishindwa, nitaelewa. Ila mtoto usimwadhibu kwa kosa langu. Humu ndani ameshakaa vya kutosha."

"Mama," Fundi akasema, "una nafasi Jumamosi? Nina vinara vitupu vya kutosha. Uliyevivua nguo utavivalisha mwenyewe. Nami nitakuwa nimevaa suruali safi."

Akapaka, jamani! Jumamosi ile Mama alikaa uani na glavu za mpira, anagusagusa sifongo, anagombezwa: "Kamua, Mama, kamua, unapaka siagi?" Posa ilizungumzwa hapohapo, mikono imejaa shaba. Vinara vile vilinunuliwa na mwenye saluni.

Harusi ilipopita, siku Kitinda alipohamia kwake na mumewe, vyumba viwili juu ya duka la viatu, alipanga sahani, akatundika mapazia, akasimama dirishani. Mchana, saa ileile, simu ikalia.

"Umefika?"

"Nimefika, Mama."

"Umekula?"

"Nimekula."

Akasubiri swali la tatu. Alisikia saa ya sebuleni inagonga upande wa pili, na pumzi za mama yake. Mama alivuta pumzi kama anayetaka kuuliza, akaiachia.

"Haya, mwanangu," akasema. "Mle vizuri."

"Jumamosi, Mama," Kitinda akasema haraka, machozi yamemjaa. "Nitakuja Jumamosi."

"Mlango utaukuta wazi," Mama akasema, akakata simu.