Miguu ya Urpo na Tingatinga Lililoganda

Barafu ya ziwa haikupasuka. Ilikuwa imelemewa na theluji, maji yakapanda juu yake na kujificha chini ya hiyo theluji, na Urpo akaiingiza pikipiki ya theluji humo kwa kasi yote. Mashine ilikohoa, ikakita pua kwenye tope la barafu. Urpo akarukia pembeni, akatumbukia hadi magotini.

"Toka! Toka upesi!" alipiga kelele Aune, shemeji yake, akiwa juu ya sleji ya mizigo iliyofungwa nyuma, kisu mkononi, anakata kamba.

"Kahawa, shemeji! Okoa kahawa!"

"Kahawa kitu gani, wewe!"

Aune aliikumbatia betri ya tingatinga, ile waliyoilaza ndani kwenye joto wikendi nzima, akaibeba hadi ng'ambo huku Urpo akimfuata akitukana. Pikipiki ilibaki imenasa. Baridi ilikuwa imeshapita nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri, na kabla hawajafika ufukweni suruali ya Urpo ilikuwa ngumu kama bati. Simu hazikuwa na mtandao. Kurudi nyumbani kwa mguu? Mtu mkavu angefika, aliyelowa asingefika kamwe. Lakini pale kwenye misonobari lilisimama tingatinga lao, lenye kibanda chenye hita. Liwake tu!

Aune alimkalisha Urpo juu ya matawi, akamvua viatu na kumvisha soksi kavu kutoka kwenye begi lake. Vidole vilikuwa vyeupe kama nta. Akabana kidole gumba.

"Unasikia?"

"Nisikie nini?"

"Nimekubana."

"Hujanibana."

Aune alikibana tena, kwa kucha. Aliogopa, tena sana. Akaizungushia miguu ile koti lake, akawasha kuni kavu, makaa yalipoiva akayatia kwenye karai na kulisukuma chini ya injini, kisha akaifunika injini yote kwa turubai. Hapo ndipo alipoiona minyororo ambayo tingatinga hutembelea, imegandia matopeni.

"Urpo. Magogo yako wapi?"

Urpo akainamia miguu yake.

"Nakuuliza! Tangu lini mtu anazima tingatinga bila kulipandisha juu ya magogo?"

"Ilikuwa Jumamosi, shemeji. Dada yako Helvi alikuwa ananisubiri, sauna ya mvuke imeshapata moto..."

"Ukaliacha matopeni!"

"Yalikuwa laini!"

"Juzi! Leo ni mawe!" Aune alilipiga teke beleshi la mbele, nalo lilikuwa limeng'ang'ania ardhi vilevile. "Mume wa dada yangu huyu! Atatuua kwa ajili ya sauna!"

Injini ilipopata uvuguvugu, alifunga betri, akapanda, akajaribu. Ikaguna, ikanyamaza. Akajaribu tena. Ikaguna, ikatetemeka, ikatema moshi mweupe, ikanguruma! Aune alipiga mayowe ya furaha, akamkokota Urpo hadi kibandani.

"Kanyaga! Twende!"

"Hatuendi. Mafuta ya haidroliki yanayoinua beleshi bado mazito kama uji. Nikilazimisha, hosi za mafuta zinapasuka, tunabaki hapa hapa."

"Miguu ni yangu, Aune!"

"Ndiyo maana nasubiri!"

Hita bado ilikuwa ikipuliza baridi. Aune akapandisha sweta lake, akaibandika miguu ya shemeji yake tumboni, akakunja uso kwa ule ubaridi.

"Helvi akituona hivi..." Urpo alisema huku meno yakigongana.

"Atanishukuru. Tulia."

Injini ilizunguka, moshi ukawa mwepesi. Aune akagusa wenzo wa beleshi, kidogo, akaachia. Kidogo tena, akaachia. Mafuta yalianza kwenda. Ndipo akalikandamiza beleshi chini polepole, na pua ya tingatinga ikaanza kuinuka. Paa! Barafu ikapasuka kushoto kama risasi.

"Umetoka! Mnyororo mmoja umetoka!" alipiga kelele Urpo.

Wa kulia uligoma. Mkono wa Aune ulishaanza kuiongezea injini mafuta kwa nguvu, maana subira ilikuwa imemwishia na ile miguu ilikuwa bado baridi tumboni pake.

Urpo ndiye aliyemshika mkono. "Usilazimishe. Ukikata mnyororo tumekwisha. Rudi nyuma kidogo. Taratibu, shemeji."

Akarudi nyuma kidogo, mbele kidogo, nyuma kidogo. Beleshi juu, beleshi chini. Jasho lilimtoka katika baridi ile. Kisha paa! Tingatinga zima likaruka, nusura wapige vichwa darini, likasimama huru likitikisika.

"Eheee!" walipiga kelele pamoja.

Aune alishika njia ya msituni, ndefu lakini yenye ardhi ngumu, mbali na ziwa. Miti ikawapita. Hita ikaanza kutoa joto, akaielekeza miguuni kwa Urpo, naye akaikodolea macho ile miguu. Walipita daraja, wakapita ghala la mbao, na moshi wa nyumbani ukaonekana juu ya miti.

Ghafla Urpo akapiga ukelele wa kutisha.

"Nini?"

"Inauma! Aune, inauma! Mama yangu, inawaka moto!"

"Yote miwili?"

"Yote! Hadi vidoleni!"

Helvi alitoka mbio uani, akamkuta mumewe anabubujikwa machozi na kulia kama mtoto, na kando yake dada yake amelaza kichwa juu ya wenzo, naye analia, anacheka, na kusema, "Lia, shemeji. Miguu iko hai! Lia kwa nguvu!"