Mguu wa Mtemi wa Ngulwi

Zama zile misafara ya pembe ilipokuwa ikipanda na kushuka bara, kabla Wadachi hawajasimika bendera yao, boma la Ngulwi lilizingirwa na ruga-ruga, askari wa kukodiwa, mwishoni mwa kiangazi. Ukuta wake ulikuwa wa magogo, na nje yake palikuwa na ua wa minyaa ambao hata mbuzi hapenyi. Ruga-ruga walijifunga vitambaa vyekundu kichwani, magobori mapajani, wala hawakujisumbua kushambulia. Walikaa vivulini wakaiachia njaa ifanye kazi yao.

Na njaa ikafanya. Watu walikula mbegu, kisha wakachemsha ngozi za ngoma. Humo ndani alikuwamo mwindaji mmoja, Lugembe, na mkewe Nyamizi aliyekuwa na mtoto mchanga wa kike. Maziwa ya Nyamizi yalikuwa yamekatika. Mtoto alishaacha kulia. Alifungua mdomo tu, kimya.

"Nenda ukawinde," Nyamizi alimwambia mumewe. "Ukifa huko nitajua umekufa ukitafuta. Ukibaki hapa utakuwa unanitazama tu."

Lugembe akatambaa chini ya minyaa, penye mfereji wa maji ya mvua, na upinde wake na podo la mishale ya sumu. Gobori aliliacha, maana mlio wake ungemsaliti. Alikwenda peke yake, kwa kuwa hapakuwa na mwingine mwenye miguu ya kumfikisha nyikani.

Nyuma ya vilima akampata pofu dume, mnyama wa pori mkubwa kama ng'ombe, akampiga mshale, akamfuata hadi alipoanguka. Furaha yake haikudumu. Jua lilikuwa kali la kuunguza mawe, na mnyama mkubwa namna ile hukaa na joto ndani yake kama chungu kilichofunikwa. Ukichelewa, anaoza nawe bado unamwona mzima.

Akampasua tumbo palepale, akatoa matumbo, akachuna ngozi ili joto litoke. Nyama ya pale sumu ya mshale ilipoingia aliikata akaitupa mbali. Iliyobaki hakuiosha, maana nyama iliyolowa maji haikawii kuharibika. Akaitoa mifupani, akaichana kwa kufuata nyuzi zake, vipande virefu vyembamba kama mikanda, akavitundika kwenye fito kivulini, penye upepo, visigusane. Kisha akachuchumaa akawaza habari ya moto. Bila moshi, nzi wangetaga humo kabla jua halijashuka. Kwa moshi, ruga-ruga wangejua alipo. Akawasha moto mdogo wa magome chini ya fito, akaomba upepo uutawanye moshi wake.

Ulibaki mguu wa nyuma wa kulia. Huo hakuugusa kwa kisu. Tangu enzi za mababu, mguu wa kulia wa pofu ulikuwa wa mtemi, nao ulipelekwa mzima, na mfupa wake na ngozi yake. Mwindaji aliyeukata alihesabiwa kuwa amejitawaza. Lugembe alijua vema kwamba uozo huanzia mfupani, ndani kabisa, hasa ngozi ikiwa bado imeibana nyama. Akautundika juu ya tawi, akaufunika kwa majani. Ndiyo basi, angefanya nini?

Kesho yake moshi ukamletea mgeni. Alikuwa ruga-ruga mmoja, gobori mkononi, mbavu nje. Kwa matundu mapana ya masikio yake Lugembe akamtambua kuwa ni Mgogo.

"We Mnyamwezi! Umezaliwa na mzigo begani, leo umeutua wapi?"

"Nawe umezaliwa mkono wazi, unadai hongo ya kupita njia. Njoo basi, nikulipe."

Mgogo akacheka hadi akaliegemea gobori lake. Utani wa njia ya misafara ulikuwa na nguvu kuliko amri za wakubwa wa vita, na huko kambini kwao nako hapakuwa na chakula cha kutosha. Akaketi, akala nyama ya motoni bila kungoja ipoe. Ghafla akakunja pua.

"Mtani, nini kimekufa hapo juu yako?"

"Mguu wa mtemi."

"Kumbe mtemi wako siku hizi anakula funza?"

"Anakula haki yake."

"Utoe mfupa, mjinga wewe! Au uutupe. Mimi nitawaambia wenzangu huku nimekuta fisi. Lakini huo mguu utakutangaza kabla yangu."

Akachukua ng'onda, zile nyama za kukaushwa, za kumtosha njiani, akaenda zake.

Nyama haikuwa imekauka sawasawa, lakini Lugembe hakuthubutu kungoja zaidi. Aliifunga kwa kamba za magome, akautwika mguu juu ya mzigo, akashika njia mchana wa jua kali, saa ambayo wazingiraji hulala vivulini. Hakuwa amekwenda mbali alipoona vivuli vikizunguka ardhini. Akainua macho. Tumbusi walikuwa juu yake, wengi, na kila alikogeuka waligeuka naye. Upande wa kambi mtu mmoja alisimama akakinga macho kwa kiganja.

Lugembe akaushusha mguu, akauacha mchangani. Tumbusi wakaushukia wakigombana, na yule mtu akaketi tena. Hivyo ndivyo mwindaji alivyoingia bomani.

Njia yake ilipita mlangoni kwake. Nyamizi alikuwa ameketi hapo na mtoto. Akanyoosha mkono.

"Ngoja kidogo," Lugembe akamwambia. "Kwanza ikulu."

Ikulu walikuwapo mtemi mwenyewe, mzee aliyekondeana hata kibangwa, kile kisahani cha kombe cha enzi, kikamlemea kwenye paji la uso, na mgawe wake, Sizya, mzee wa baraza aliyelinda mila.

"Mguu uko wapi?" Sizya akauliza.

"Uliharibika, baba. Nimeutupa."

"Na hizi mbona hazikuharibika?"

"Hizi nilizitoa mfupa."

"Kumbe ulijua dawa yake. Nyama yako ukaitunza, ya mtemi ukaiacha ioze."

"Ningeukata mngesema nimejitawaza!"

"Tungesema," akajibu Sizya. "Na hukuukata, na bado tunasema."

Mtemi akazitazama zile nyama, akameza mate. Lakini kitu pekee alichobaki nacho ni kuaminiwa na watu wake, akaogopa kukipoteza. Akaamuru nyama itiwe kwenye kilindo cha magome na mfuniko uzibwe kwa udongo, hadi mwindaji atakapotakaswa.

"Msiizibe, nawasihi!" Lugembe alipiga magoti. "Bado ina unyevu, inataka hewa. Itaoza humo! Basi nipeni kipande kimoja, cha mama mtoto."

Sizya hakuweza kumtazama. "Kikitoka kimoja, bwana, wengine nitawazuia kwa lipi?"

Utakaso ulihitaji kuku mweusi, na bomani kuku walikuwa wamekwisha zamani. Wakangoja. Harufu ikaanza kupenya kwenye magome ya kilindo, ikatambaa ikulu nzima. Mtoto wa Nyamizi akafa asubuhi moja, mdomo wazi. Siku ileile Lugembe akafukuzwa nchini kwa kosa la mguu, apitie mfereji uleule.

Nyamizi alimfuata. Walipofika nyikani akasimama.

"Ulipita mlangoni kwangu."

"Nilipita."

"Nyama ulikuwa nayo."

"Nilikuwa nayo."

Walitembea pamoja kuelekea kusini, mke akitangulia, na habari zao zikaishia hapo.

Haukupita muda Ngulwi ikafungua lango. Ruga-ruga wakakikuta kilindo kimezibwa vizuri, wakadhani ni hazina, wakagombania kukivunja, kisha wakarudi nyuma wameziba pua. Miaka ya baadaye, vilabuni Unyanyembe, baadhi yao walisimulia jinsi walivyokuta watu wamekufa njaa kando ya nyama ya pofu. Hakuna aliyewasadiki. Waliitwa waongo, wakaongezewa pombe, wausimulie tena uongo wao.